Moshi wa Magodoro

Mkanda ulikatika.

Wewe msomaji uliyekuwa ukibishana na wenzako wiki nzima, tangu sehemu iliyopita, kama utashika au hautashika, basi, haukushika. Tulimwacha Nyundo, yule mzimamoto wa kuvunja milango, akining'inia kwenye tundu la sakafu ya juu ya kiwanda cha magodoro, miguu hewani, moshi mweusi ukimpanda kutoka chini. Aliyemshikilia kwa mkanda wa mtungi wake wa hewa alikuwa Ngazi, mzimamoto mwenzake, mrefu kama jina lake, na juu ya hayo mume wa mdogo wake wa kike.

"Shemeji, nipe mkono!" Ngazi alifoka ndani ya barakoa.

Nyundo akaunyoosha. Glavu ziligusana ncha kwa ncha. Mkanda ukasema ta! na Ngazi akabaki na kipande cha utepe kiganjani.

Shemeji yake alikuwa ameondoka.

Kilichomwokoa Nyundo ni magodoro yenyewe. Kiwanda kilichotaka kumuua ndicho kilichomtandikia. Aliangukia rundo la magodoro yasiyovishwa vitambaa, akadunda, akabiringika, goti la kulia likagonga ukingo wa mashine ya kushonea. Kitu ndani ya goti kilialika kama muwa.

Alilala chali gizani akisikiliza filimbi ya mtungi wake. Kila mzimamoto anaijua filimbi hiyo. Inapolia, maana yake hewa inakwisha, na wewe anza kutafuta njia ya kutokea.

Juu yake, redio ya Ngazi ilikuwa ikibweka.

"Ngazi! Toka humo! Sakafu inakwenda!" Huyo alikuwa Kapteni, mkubwa wa kikosi, yuko nje.

"Mkuu, Nyundo ameangukia stoo."

"Nimesikia. Toka. Mimi nitamfuata kwa nyuma."

"Mkuu, mke wangu ni dada yake. Nikirudi nyumbani bila kaka mtu, nitalala wapi?"

"Ngazi, hiyo ni amri!"

"Redio inakatakata, Mkuu."

Redio haikuwa ikikatakata hata kidogo. Ngazi aliukumbatia mpira wa maji, akageukia ngazi za kuteremkia stoo. Zilikuwa zimejaa moto kutoka ukuta hadi ukuta. Akafungua mdomo wa mpira, maji yakatoka kwa nguvu, akaanza kushuka akijifungulia njia hatua kwa hatua.

Kumbuka hilo la maji. Bila mpira ule, Ngazi alikuwa kuni.

*

Chini stoo, Nyundo alisikia mtu akikohoa.

"Nani huyo? Zimamoto hapa! Piga kelele!"

Hakujibiwa kwa kelele. Alijibiwa kwa nondo.

Chuma kilimpiga kwenye kofia, masikio yakalia, akaanguka tena kwenye magodoro. Kabla hajajua kulia wala kushoto, mtu alikuwa amemkalia kifuani. Alikuwa mtunza stoo, jitu la mabega, macho yamemtoka, kamasi nyeusi zimeganda kwenye masharubu. Alikuwa akijaribu kuuvunja mlango kwa nondo ile, mlango uliokuwa umezibwa na mabunda ya sponji yaliyokuwa yakiwaka upande wa pili. Sasa alikuwa ameona kitu bora kuliko mlango. Alikuwa ameona barakoa yenye hewa.

"Nipe! Nipe hiyo!"

"Tulia! Tutavuta kwa zamu! Baba, tulia, nitaku—"

Mfa maji haachi kutapatapa, na mfa moshi ni zaidi. Mtunza stoo hakuwa akisikia Kiswahili wala lugha nyingine yoyote. Alitia vidole chini ya barakoa, kucha zikachana shavu la Nyundo, akaivuta kwa nguvu za mtu anayekufa. Mpira wa kichwani ukakatika. Barakoa ikatoka.

Nyundo akavuta pumzi. Hakutaka. Mwili ulivuta wenyewe.

Moshi wa kuni una adabu. Unakukohoza, unakutoa machozi, unakupa taarifa kwamba unakuja. Moshi wa sponji hauna adabu hiyo. Uliingia kifuani mwa Nyundo kama mgeni anayeijua nyumba, ukaketi. Kichwa kikawa chepesi. Mikono ikaanza kuwa ya mtu mwingine.

"Nikilala hapa nimekwisha," alijiambia.

Akampiga mtunza stoo ngumi ya taya. Jitu halikutikisika. Akampiga tena, pale pale, akasikia jino likimchoma kwenye kifundo cha kidole. Bado. Mtunza stoo alikuwa ameigandisha barakoa usoni kwake kinyumenyume, hapati hewa, na bado hakubali kuiachia. Nyundo akamuuma mkono mpaka akaonja damu. Jitu likapiga ukelele, na ukelele ule ndio uliomfungua mdomo na kumjaza moshi. Nyundo akamalizia kwa kichwa, kofia ya chuma puani. Pua ikavunjika. Mtunza stoo akalegea.

"Samahani, ndugu yangu," Nyundo alisema, na alikuwa anamaanisha. Katika kazi ile watu wawili walikwisha kumwachia makovu ya kucha, na wote alikuwa amekwenda kuwaokoa.

Akavuta pumzi mbili kwenye barakoa, akamshindilia mtunza stoo usoni naye avute, akamnyang'anya, akavuta tena. Filimbi ilikuwa imeshakuwa mluzi wa mgonjwa. Ikanyamaza.

Hewa kwisha.

Pembeni, karibu na dari, kulikuwa na mstari wa matofali ya matundu, yale ya kupitishia upepo. Mwanga wa mchana ulikuwa ukipenya kwa vijidoa. Nyundo alipanda juu ya magodoro kwa goti moja, akachomoa shoka kiunoni. Akapiga. Akapiga akiwa amefumba macho na kinywa. Tofali la kwanza likatumbukia nje, la pili likafuata, na mkono ukatokea pale tunduni, mkono wenye saa, ukamkamata kola.

"Nimekupata, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Kapteni, juu ya ngazi ya mbao kwenye kichochoro cha nyuma. "Vunja! Endelea kuvunja!"

*

Sasa twende mbele ya jengo, maana huko ndiko shetani alikokuwa amepiga kambi.

Kikosi kile kilikuwa na watu wanne na gari moja. Gari la pili lilikuwa limeahidiwa, na ahadi ndiyo iliyokuwa imefika. Kwenye pampu alibaki Mama Pampu peke yake, dereva, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya fundi, akiangalia maji ya tangi yakishuka na umati ukipanda.

"Mmechelewa! Wezi wakubwa nyie!"

"Mnakuja baada ya moto kula!"

Jiwe la kwanza lilivunja taa ya gari. La pili lilipasua unyusi wa Mama Pampu. Damu ikamjaa jicho moja, akaifuta kwa kiwiko, mkono mwingine haukuondoka kwenye pampu.

"Nipigeni mkimaliza," alipaza sauti. "Watu wangu wako ndani!"

Akajitokeza mwanamume mmoja, shati limeng'ang'ania mwilini kwa jasho. Alikuwa muuza vioo. Duka lake lilikuwa ukuta kwa ukuta na kiwanda, vioo chini, chumba cha kuishi juu.

"Mama, geuza maji! Moto unavuka kwangu!"

"Mpira ni mmoja, kaka. Una mtu kwenye mwisho wake."

"Na mimi nina mtu! Baba yangu yuko juu! Hawezi kutembea!"

"Gari la pili linakuja. Ngoja—"

Hakungoja. Nani angengoja? Muuza vioo na vijana wake wa dukani waliuvamia mpira pale ulipoungana na mwenzake, karibu na mlango wa kiwanda. Wakafungua ungio. Maji yakaruka kama nyoka aliyekanyagwa, wakamshika shingo, wakamgeuza kuelekea dukani.

Mama Pampu alipoona, aliachia pampu akakimbia. Kijana mmoja akamwekea mguu, mwingine akamkanyaga mkono. Vidole vikavunjika. Hakulia. Alinyanyua spana kubwa kwa mkono uliobaki akamtandika ugokoni yule aliyemkanyaga, kijana akaenda chini akipiga mayowe.

Wakati huo huo redio kiunoni mwake ilianza kuongea.

"Maji! Mama Pampu, maji yamekwenda wapi?"

Ilikuwa sauti ya Ngazi. Alikuwa amefika katikati ya ngazi, moto mbele, moto nyuma, na mpira mikononi mwake umekuwa tambara.

"Mama Pampu! Nipe maji! Mama!"

*

Nyundo aliisikia sauti hiyo kwenye redio ya Kapteni akiwa amelala kichochoroni, anatapika weusi. Kapteni alikuwa akimbana mtunza stoo kifua, moja, mbili, moja, mbili, na mtunza stoo alikuwa ameanza kukoroma.

"Mkuu, Ngazi alitoka?"

Kapteni hakuinua macho.

"Mkuu! Nimekuuliza!"

"Alikufuata wewe."

Nyundo akasimama. Goti likakataa. Akalilazimisha, akazunguka jengo akijivuta ukutani, kila hatua tusi. Alipotokea mbele aliona mambo mawili kwa mpigo: Mama Pampu amepiga magoti katika dimbwi la damu na maji, na mpira wa kikosi ukiosha ukuta wa duka la vioo.

Hakuuliza.

Aliingia katikati yao na mpini wa shoka. Kijana wa kwanza alipata wa mbavu, akajikunja. Wa pili akatupa mikono juu na kukimbia. Muuza vioo hakukimbia. Alikuwa amekumbatia mdomo wa mpira kama mtu aliyekumbatia mtoto.

"Achia!"

"Siachii! Baba yangu yuko ndani! Kaka, nakuapia, mzee wangu yuko juu, amepooza!"

Sasa nikwambie kitu ambacho kila mzimamoto anakijua na hakisemi hadharani. Kwenye kila moto kuna mtu ndani. Mwenye nyumba ameshajua kwamba ukisema vitu vyangu vinaungua, maji yatakawia, na ukisema mtoto wangu, mama yangu, maji yatakuja. Mwaka uliopita Nyundo aliingia ndani ya moto kumtafuta bibi kizee aliyeliliwa na ukoo mzima. Bibi alikuwa friji. Kovu la mgongoni mwake ni la friji hiyo.

Nyundo akainua macho kutazama dirisha la juu la duka. Pazia lilikuwa limetulia. Hakukuwa na moshi wala mkono wa kupunga.

"Maji..." ilisema redio, safari hii kwa sauti ndogo.

"Gari la pili litamtoa baba yako," Nyundo alisema. "Achia."

"Utamuua baba yangu!"

Mpini ukashuka. Ulimpata muuza vioo kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia mbele ya watu wote, na mkono ukaning'inia kama ua lililonyauka. Hata hapo alishika kwa mkono wa pili. Nyundo akampiga teke la kifua, akaanguka chali kwenye vioo vyake mwenyewe vilivyokuwa vimeegemezwa barazani. Vikapasuka chini ya mgongo wake.

Mama Pampu akaunga mpira kwa mkono mzima na meno. Maji yakarudi.

"Mtungi wako?" alimuuliza Nyundo.

"Umekwisha."

"Basi huingii."

"Zingatia pampu, mama."

Akachovya leso kwenye dimbwi, akajifunga puani, akaufuata mpira ndani. Leso kwa moshi wa sponji ni kama dua kwa risasi. Alijua.

*

Alimkuta shemeji yake kwa kumkanyaga.

Ngazi alikuwa amejikunja kwenye kona ya ngazi, mpira ameupitisha chini ya kwapa, maji yaliyorudi yakimmwagikia miguuni. Kioo cha barakoa kilikuwa kimelainika kikaingia ndani kama uso wa mzee. Glavu zilikuwa zimeshikana na mikono. Nyundo alipomshika kiganja kumvuta, glavu ilivuka, na haikuvuka peke yake.

Ngazi akapiga yowe ambalo Nyundo atakufa nalo.

"Nilikuwa nakutafuta," alisema kisha, kama mtu aliyetoka usingizini.

"Umenipata. Twende nyumbani."

Alimshika buti, akamburuta. Kichwa cha Ngazi kiligonga kila kidato, na kila kidato Nyundo alivuta pumzi aliyokuwa ameapa kutoivuta. Nyuma yao stoo ilitoa mgurumo. Mapipa ya gundi ya sponji yalikuwa yamepata moto. Mlipuko uliwatema nje ya mlango kama makapi, wakatua barabarani, mmoja juu ya mwingine.

Umati uliokuwa ukirusha mawe ulirudi nyuma.

Kisha watu wote wakageuza shingo kulia. Ukuta kati ya kiwanda na duka la vioo ulikuwa umeondoka. Pazia la dirisha la juu, lile lililokuwa limetulia, lilikuwa linawaka.

King'ora cha gari la pili kikasikika mwisho wa barabara.

*

Hospitali, jioni ilipoingia, dada yake Nyundo alifika akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Aliyekuwa ndani ni mume wake. Aliyekaa kwenye benchi la nje, goti limefungwa, uso mweusi kama sufuria, ni kaka yake.

Nyundo akainuka kumkumbatia. Akapokewa kwa kofi.

"Hilo ni la kuanguka," alisema dada. Akampiga la pili. "Hilo ni la kumfanya akufuate."

"Nastahili."

"Ndiyo, unastahili! Kila siku mnatoka na kucheka, mnarudi na kukohoa! Nafua mashuka yenye makohozi meusi, naambiwa ni vumbi! Vumbi gani hilo, kaka? Vumbi gani linamkalisha mtu kitandani kwa sababu akilala hapumui?"

Dada akamshika uso kwa mikono miwili, akalia, akamfuta masizi kwa ncha ya aproni, akaingia kwa mumewe.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, alitoka na kumtazama Nyundo kwa macho yasiyopepesa.

"Shemeji yako ataishi. Mikono sijui. Na wewe kwa nini hujalala?"

"Mimi mzima, daktari. Goti tu."

"Ulivuta moshi wa magodoro?"

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Ile ni sumu. Mtu anatoka mle anatembea, anacheka, anapiga hadithi, baadaye mapafu yanajaa maji naye yuko nchi kavu. Nenda ukalale, nesi akuwekee oksijeni."

"Nakuja. Nikanawe uso kwanza."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwenye ukumbi wa kwenda bafuni alikutana na Kapteni. Kapteni alikuwa amevua kofia, na mtu yule huvua kofia kwa sababu mbili tu, kulala na kuzika.

"Mtunza stoo amefumbua macho," alisema. "Anamtafuta aliyemvunja pua, anataka kumshukuru."

"Alhamdulillahi. Na nini kingine?"

Kapteni akatazama vidole vyake.

"Mkuu, sema."

"Tumepanda juu ya lile duka. Alikuwa mlangoni, Nyundo. Alikuwa ametambaa kutoka kitandani mpaka mlangoni, mtu ambaye hakuwa ametambaa kwa miaka. Akakwama hapo."

"Nani?" Nyundo aliuliza, ingawa alijua.

"Mzee. Babake muuza vioo."

Nyundo aliegemea ukuta. Alisikia mfupa wa mkono ukilia tena, akaliona pazia limetulia.

"Mkuu, niliangalia dirisha. Hapakuwa na moshi. Nilidhani..."

"Ningekuwa wewe ningefanya vile vile," alisema Kapteni. "Ndiyo maana sijui nikwambie nini." Akampiga bega, akaenda zake kumwona Ngazi, hatua nzito, bila kugeuka.

*

Bafuni kulikuwa na beseni moja na kioo cha ukutani. Nyundo akafungua maji. Akajitazama. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Akadhani ni taa.

Akakohoa. Kwenye beseni likadondoka povu, jepesi, la rangi ya damu iliyochanganywa na maji. Akakohoa tena, likaja jingi zaidi. Akajaribu kuvuta pumzi, ikaishia kooni, kana kwamba kifuani kumejaa wageni na mlango haufunguki.

Nyuma yake mlango ukafunguka.

Kiooni akamwona. Mkono mmoja umefungwa plasta mbichi hadi kiwiko. Mgongo wa shati una madoa ya damu. Mkono mzima umebeba kitu kilichozungushiwa taulo.

"Wananiambia nikamtambue mzee wangu," alisema muuza vioo. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Nimewaambia wangojee kidogo. Nina jambo."

Taulo likafunguka. Ndani kulikuwa na kipande cha kioo, kirefu, chembamba, kilichokatwa na mtu anayeijua kazi ya kukata.

Nyundo akageuka. Alitaka kusema. Alikuwa na maneno, Mungu anajua alikuwa nayo, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa povu. Magoti yote mawili yakaachia. Akateleza ukutani mpaka sakafuni, macho yamegeuka.

Muuza vioo alibaki amesimama, kioo kimeinuliwa juu.

"Simama."

Nyundo alikuwa akikoroma.

"Nimesema simama! Unajifanya nini?" Akainama, akamshika kola, akamtikisa. Povu likamrukia mkononi. "We! We mtu! Huwezi kufa! Huwezi kufa kabla sijakuua, unasikia? Amka!"

Akaona kwamba haamki.

Akatazama kioo. Akatazama mlango. Kisha akafanya jambo ambalo hakulijua mpaka alipokuwa analifanya: alikisokomeza kioo chini ya shati, akamtupia Nyundo kwenye bega la mkono mzima, jitu zima la masizi na buti, akatoka naye ukumbini akipiga kelele mpaka kuta zikaitika.

"Daktari! Nesi! Huyu anakufa! Mtibuni! Fanyeni haraka, mtibuni huyu!"

Watu wakakimbia. Machela ikaja. Daktari mfupi akapanda juu yake kwa magoti, akaingiza mrija kooni huku machela inakwenda, maji ya damu yakaruka mpaka kwenye miwani yake. Milango ya chumba cha wagonjwa mahututi ikawameza.

Dada yake Nyundo alitoka mbio chumbani kwa mumewe, akakuta milango inafunga. Alisimama mikono kichwani. Kisha akamwona yule mwanamume mwenye plasta, anahema, amelowa povu la kaka yake.

"Wewe ndiye uliyembeba?"

"Ni mimi."

"Mungu akulipe, kaka yangu. Mungu akupe umri. Hujui umenibebea nani." Akamshika mkono mzima kwa mikono yake miwili, akaubusu. "Wewe ni nani? Una mgonjwa hapa?"

"Nina maiti hapa," alisema muuza vioo. "Mimi ni mtoto wa yule mzee wa duka la vioo."

Dada hakuelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kilichotokea pale dukani.

"Pole sana. Kaa, kaka. Kaa upumzike."

Muuza vioo akakaa kwenye benchi, mbele ya milango ile, akaegemeza kichwa ukutani.

"Kaka yako akiamka," alisema, "mimi nitakuwa hapa. Siondoki."

Dada akatabasamu ndani ya machozi, akataka kumshukuru tena. Ndipo alipoona sakafu. Chini ya benchi damu ilikuwa ikidondoka, tone juu ya tone, kutoka ndani ya shati la yule mwanamume, mahali alipokuwa ameingiza mkono wake mzima na kushika kitu kwa nguvu sana.

Tabasamu likamwisha usoni. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yake miwili nyuma, kwenye milango ya chumba cha kaka yake, akasimama hapo.

"Kaka," alisema polepole, "nionyeshe mkono wako."